Meerlust Rubicon: Divai ya Stellenbosch yenye Mtindo wa Bordeaux

Shamba la Meerlust, lililoko Stellenbosch nchini Afrika Kusini na ambalo ukoo wa Myburgh umelimiliki tangu 1756, lilianza kutengeneza Rubicon kwa mavuno ya 1980, baada ya mwenye shamba, Nico Myburgh, kuzuru Bordeaux, eneo maarufu la divai nchini Ufaransa, na kuona kwamba udongo na hali ya hewa ya huko havitofautiani sana na vya kwao. Mchanganyiko wake wa aina za zabibu ni wa Kibordeaux hasa: Cabernet Sauvignon ndiyo nguzo, Merlot huilainisha, na Cabernet Franc huongeza harufu.

Chupa niliyoifungua ilikuwa ya 2015. Kwa haraka yangu niliionja mara tu baada ya kuizibua, na ukakasi wake ukaushika ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilipoimimina katika jagi la kioo na kuiacha ipumue kwa saa mbili, ilitulia, ikatoa harufu ya zambarau zilizoiva, ya mbao za mwerezi na ya tumbaku kavu, na ladha yake ikabaki kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Joto la nyuzi 17 au 18 linaifaa. Katika hoteli moja ya pwani niliwahi kuletewa divai ya aina hii ikiwa na joto la chumba, yaani nyuzi 30 hivi, na ukali wa pombe ukafunika kila kitu. Kwa mbuzi wa kuchoma sijaona ya kuishinda, ingawa pilipili nyingi huivuruga. Bei yake si ya kila wiki, lakini mwenye subira anunue mbili, moja ailaze miaka mitano zaidi.