Mitungi yetu ya oksijeni baada ya miaka minne

Kliniki yetu ya meno iko Tabata, ina viti viwili, na kwa miaka minne sasa tunamiliki mitungi ya oksijeni badala ya kuikodi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wenye zahanati na kliniki ndogo za Dar es Salaam, kwa kuwa wauzaji wengi husifia bei na wepesi wa mtungi, ilhali mambo ya msingi yamegongwa begani mwake kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wachache huinama kuzisoma.

Mtungi wa kwanza tulionunua ulikuwa wa lita 2. Ulikuja na mkoba wake, na muuzaji alisema hata nesi mmoja anaubeba bila shida, jambo ambalo ni kweli kabisa. Nilichosahau pale dukani ni hesabu ya kuzidisha: lita 2 za ujazo kwa shinikizo la baa 150 ni takribani lita 300 za gesi, na mgonjwa aliyebadilika hali ghafla, akivalishwa barakoa yenye mfuko wa akiba kwa lita 15 kwa dakika, huimaliza gesi hiyo kwa dakika 20. Anayeijua foleni ya Buguruni saa kumi na moja jioni atakubali kwamba kwa dakika hizo huenda hujafika Hospitali ya Amana. Ndipo tukanunua mitungi miwili ya lita 10, ambayo kila mmoja hubeba lita 1,500 hivi, yaani dakika 100 kwa kasi ileile. Ni mizito na inahitaji toroli, lakini sijajutia. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani nayo niliifikiria, nikaiacha kwa sababu inategemea umeme na nyingi za ukubwa wa kliniki kama yetu hutoa lita 5 tu kwa dakika.

Kero kubwa ya kumiliki mtungi ni ujazaji. Chuma ni chako, ila wajazaji wengi hupenda kubadilishana: unawapa mtupu, wanakupa uliojaa, na hakuna anayeuliza ule uliojaa ni wa nani. Mara ya pili tulipojaza, kampuni ambayo sitaitaja ilichukua mtungi wetu mpya na kutuletea mwingine uliopakwa rangi nyeupe mbichi. Nilikwangua rangi kwa ukucha, nikamulika kwa simu, nikakuta tarehe ya kupimwa kwa shinikizo la maji imeshapita muda mrefu. Mitungi ya chuma hupimwa kila baada ya miaka 5, au 10, kulingana na kiwango kilichotumika, na usipotambua hilo mapema, gharama ya kuupima mtungi wa mwingine inakuangukia wewe. Dereva alinijibu kwamba mtungi ni mtungi. Wetu ulirudi baada ya wiki tatu za simu. Sasa tunamtumia mjazaji anayerudisha mtungi uleule, na namba yake huandikwa kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla haujapakiwa kwenye kirikuu.

Kuhusu rangi, tahadhari. Kwa utaratibu wa kimataifa oksijeni ya tiba hutambulika kwa nyeupe, lakini mitungi ya utaratibu wa zamani wa Kiingereza ina mwili mweusi na bega jeupe, na ile ya mafundi wa kuchomelea mara nyingi ni myeusi pia. Rangi hupakwa na yeyote mwenye brashi; soma lebo kwanza.

Regulata tuliyonunua, yaani kifaa kinachofungwa kwenye vali ya mtungi kupunguza shinikizo la gesi, ni nzuri, geji yake inasomeka vizuri, na sina lawama isipokuwa kwa fundi aliyetaka kulainisha nati yake kwa grisi. Nilimzuia akiwa ameshachovya kidole. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na grisi au mafuta inaweza kuwaka moto bila hata kiberiti, na ndiyo sababu vali hufunguliwa taratibu na mikono isiyo na losheni. Regulata ikivuja pale inapofungwa kwenye vali, badilisha wosha. Uvujaji wenyewe huonekana ukipaka maji ya sabuni isiyo na mafuta, inayoruhusiwa kwa oksijeni, na povu likaanza kuvimba.

Gesi ya kutuliza wagonjwa, naitrasi oksaidi, nashauri ikodiwe. Mtungini hukaa kama kimiminika, hivyo mshale wa geji husimama palepale hadi kimiminika kiishe, kisha huporomoka. Kujua kilichobaki ni lazima uupime mtungi kwa mizani, kazi ambayo kliniki ndogo huichoka upesi.

Kwa anayetumia oksijeni kila siku, kukodi kunamfaa zaidi, kwani mzigo wa vipimo na matengenezo unabaki kwa mwenye mali. Sisi tunaoiweka kwa dharura tungelipia kodi ya kila mwezi kwa chuma kilichosimama kona, kimefungwa mnyororo ukutani, kikisubiri nesi asome geji kila Jumatatu na kuandika daftarini. Ule wa lita 2 hatukuuuza. Unakaa karibu na mlango, kwa ajili ya kumsindikiza mgonjwa kutoka kitini hadi kwenye gari, na kwa kazi hiyo sijaona unaouzidi.