Memori kadi ya "128GB" ya mtandaoni: mzigo umefika fasta, ila tumboni ni 16

Nianze na sifa maana zipo. Niliagiza asubuhi, jioni boda yuko getini, paketi imefungwa vizuri, kadi ina adapta yake, nyuma wameandika mpaka maneno ya waranti, na bei ilikuwa elfu 35 wakati Kariakoo kadi ya jina hilo hilo niliulizia nikatajiwa elfu 45 hadi 50 kutegemea umeingia duka gani na umevaaje. App siitaji maana mchezo huu haupo kwenye app moja tu, na muuzaji nae nitamuita muuzaji basi.

Sasa mimi napiga video za sendoff na kitchen party, kadi mpya haiingii kwenye kamera yangu kabla haijajazwa yote. Nasema kujazwa, sio kufunguliwa tu ukaona inawaka. Ukiichomeka hii kwenye laptop inaonyesha gigabaiti 119 na pointi zake, ambayo ndo sahihi kwa kadi ya 128 (kompyuta ina hesabu zake, hapo hujaibiwa), unapiga picha mbili tatu zinakubali, unaweka miziki inapiga, umeridhika. Na hapo ndo wanapokupatia. Wanachukua chipu ndogo wanaichezea ile programu ya ndani inayojibu pale simu inapouliza we una ukubwa gani, basi inajibu 128 huku tumboni ni 16. Ukimaliza ile 16 haikwambii imejaa, haigomi, inaendelea kupokea tu, majina ya mafaili unayaona yote na saizi zake, ila ukigusa video haifunguki, picha nusu juu ipo nusu chini kijivu, na nyingine hata zile za mwanzo zilizokuwa nzima zinaandikiwa juu yake. Nenda kamwambie mama wa bibi harusi hayo maelezo.

Nikaiweka H2testw, ni programu ya bure ya Windows, inaijaza kadi nzima kwa data yake halafu inasoma yote upya kuangalia kama kilichoandikwa ndo kilichorudi. Watu wa Linux na Mac wana F3, kazi ile ile. Spidi ya kuandika ilicheza kwenye megabaiti 9 kwa sekunde, hiyo peke yake kwa kadi iliyoandikwa ya video za 4K ni kichekesho, na kwa mwendo huo 128 inataka karibu masaa manne ya kuandika tu kabla hata ya kuanza kusoma, kwa hiyo niliiacha nikaenda kwenye mambo yangu. Kurudi jibu liko wazi: gigabaiti 14 na ushee salama, zilizobaki zaidi ya 100 data imepotea.

Nikamtumia muuzaji skrinshoti. Akajibu chapchap, hilo nimpe, "boss hiyo ni og labda kamera yako haisapoti kadi kubwa". Nikamwambia sijaiweka kwenye kamera. Akasema basi iformati. Nikamwambia kuformati hakuongezi chipu. Kimya, afu baadae "wateja wengine hawajalalamika".

Na hapo hakusema uongo, nilienda kuangalia maoni, nyota 4.6, watu wamejaa. Ila yasome sasa. "Mzigo umefika salama asante". "Wako fasta sana". "Boda mstaarabu". Wote wametoa nyota siku ile ile ya kupokea, app ndo inakusukuma utoe ukishapokea tu, na kadi ya hivi inaharibu baada ya miezi ukiwa umeshasahau hata uliinunua wapi, wengi watasema simu imekula picha au ni virusi. Kwa hiyo ile 4.6 ni ya boda, sio ya kadi. Nikashuka chini zaidi nikakuta mtu kaandika "kava limekaa poa kwenye simu yangu". Kava? Kumbe tangazo lilikuwa la makava ya simu, limekusanya nyota zake, afu wakabadilisha picha na jina likawa la memori kadi na nyota zikabaki. Ukiona maoni yanaongelea bidhaa nyingine ujue ndo hiyo.

Kuna watu watasema feki unaijua kwa bei. Inategemea. Zile za 1TB kwa elfu 25 sawa, hizo ni za kucheka, SanDisk walipoleta kadi ya 1TB mwaka 2019 waliitangaza kwa dola 449 na mpaka leo ya ukweli haiwezi kuwa bei ya chipsi kuku za familia. Ila huyu wa kwangu alipunguza elfu 10 tu, punguzo la kawaida kabisa la mtu asiyelipa fremu Kariakoo. Wa hivi ndo hatari.

Kurudishiwa hela, hapa app nawapa alama za kati. Fomu yao inataka picha ya "kasoro", na kasoro yenyewe haipigiki picha, kadi ukiiangalia ni nzuri kuliko yangu og. Skrinshoti ya kwanza waliikataa, nikawarekodia video ya laptop na kadi ikiwa imechomekwa ndo wakakubali. Hela ikarudi kwenye pochi ya ndani ya app, sio M-Pesa, maana yake inabidi ninunue tena kwao.

Kwenye simu angalau tuna pa kuanzia, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 16 mwaka 2016, waliweza kwa sababu kila simu ina IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, unabonyeza *#06# unaiona mwenyewe. Kadi mtaani haina namba ya hivyo. FCC, tume ya ushindani, nao wanakamata feki kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 lakini hao utawasikia kwenye makontena na magodauni, kadi moja ndani ya bahasha kwenye begi la boda nani ataisimamisha.

Kadi zangu za kazi sasa nachukua kwa jamaa mmoja Kariakoo anaeuza pia Instagram, elfu 48, na nilimwambia kabisa naenda kuijaza, ikifeli kesho narudi na risiti. Akasema kajaze. Ilipita yote mpaka gigabaiti ya mwisho. Muuzaji akianza kuleta maneno ukimwambia utaitesti, ghairi hapo hapo kabla boda hajawasha pikipiki.

Muuzaji wa kwenye app nyota moja. Tangazo lake bado liko hewani, bei imeshuka elfu 30 na wameongeza chaguo la 512.