Kabla hujabadilisha kitabu cha mtoto hapa Amu (Lamu), fungua katikati

Unatoa vitabu vitatu, unapewa vitatu, na shilingi 50 juu. Kwa vitabu vya hadithi, bei ya kibanda hiki cha kubadilisha vitabu, karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, siigombi. Ninayogombana nayo ni karatasi moja.

Kitabu chembamba cha kurasa 32 ni karatasi 8 zilizokunjwa, zikabanwa kwa pini mbili mgongoni. Ikichomoka ile ya katikati, kurasa nne zimekwenda kwa mpigo: 15, 16, 17 na 18. Hadithi ndipo ilipokuwa ikikolea. Na kwa upepo wetu wa chumvi huchomoka sana. Pini hushika kutu, kutu hula karatasi kwenye tundu, na kwa kuwa miguu ya pini imekunjiwa juu ya karatasi ya kati, ikikatika ndiyo ya kwanza kuanguka. Jalada linabaki liking'aa. Ukitazama jalada tu, umeliwa.

Kimoja kati ya vitatu nilivyochukua kilikosa karatasi hiyo. Nilikirudisha siku ile ile. Mwenye kibanda hata hakukifungua. "Mama, si umesema mtoto hajaanza kusoma? Atajuaje?" Kisha akarudi kwenye simu yake.

Atajuaje! Mtoto anayesomewa kila usiku ana picha zote kichwani; ndiye wa kwanza kuuliza mbuzi amepandaje jahazini ilhali sasa hivi alikuwa zizini.

Basi ukienda, nenda mchana, usitume mtoto. Fungua katikati. Namba mbili zinazotazamana lazima zifuatane, 16 na 17. Ukiona 14 inaitazama 19, kirudishe papo hapo. Kama hakina namba, hesabu karatasi kushoto na kulia kwa mkunjo: cha kurasa 32 ziwe nane kila upande. Vile vinene vya gundi, vikunjue mgongo taratibu. Ukisikia mlio kama wa kaukau za viazi, gundi imekauka, na kurasa zitamwagika kabla ya mwezi kwisha. Kinachonuka kuvu usikitie mfuko mmoja na vingine. Kianike kivulini penye upepo siku mbili tatu, kisha ukipanguse nje kwa brashi kavu. Juani hapana, rangi hupauka na jalada hujikunja.

Vya kiada vya mtaala wa zamani wa 8-4-4 mtoto wa mtaala mpya (CBC, sasa CBE) havimfai, hata upewe viwili kwa kimoja. Vya mazoezi vilivyojazwa kwa penseli chukua, ufute. Vya kalamu ya wino acha.

Pini zikiwa na kutu lakini karatasi zote zipo, usikikatae kitabu, kishone. Ng'oa pini, toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano yenye uzi wa pamba iingie tundu la kati kutokea ndani, irudi ndani kwa tundu la juu, iruke la kati mpaka la chini na kutoka nje, kisha irudi ndani kwa lile la kati. Funga ncha mbili, uzi mrefu ukiwa katikati yao. Dakika kumi. Selotepu usiiguse kabisa: joto letu huyeyusha gundi yake, ukurasa ukawa wa manjano na kunata. Siyu, kisiwani Pate, palipokuwa pakinakiliwa na kujalidiwa misahafu, leo sisi tunabandika selotepu.

Nilitaka kusema msiende kabisa. Lakini vile viwili vingine ni vizima, vya Kiswahili safi, na kwa bei ya kimoja kipya dukani ungebadilisha vya kusoma miezi. Kwa hiyo nendeni... Hapana, ngoja. Mtu anayemwambia mzazi "atajuaje" anajua vizuri alichokiuza. Nyota moja, ya bei.

Shule zikikaribia kufunguliwa nitarudi, kwa kuwa sina pengine pa kwenda. Nitafungua katikati mbele yake, kimoja baada ya kingine, na foleni ingoje.