Mkopo wa asilimia kumi, kwa sisi wa Ngamiani

Wanawake wenzangu wa Tanga, mkopo wa halmashauri uchukueni. Hauna riba. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ushuru tunaotoa sokoni ndio unaoturudia, si fadhila ya mtu.

Kikundi chetu cha mikate ya ufuta na maandazi tulinunua kwa mkopo huo mashine ya kukanda unga na jiko kubwa la gesi. Zamani mabega yalikuwa yanawaka kabla ya adhana ya alfajiri; sasa jua likichomoza wenye migahawa ya chai wameshapata mzigo wao, na mikono bado ina nguvu. Mkopo hutolewa kwa kikundi, basi andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki kabla ya kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kinachoniuma ni fundi cherehani anayeshona peke yake barazani: mwanamke au kijana asiye na kikundi hapati. Na mkopo peke yake hauleti mteja. Mitaa ya katikati ya mji iwekewe taa na mitaro izibuliwe, watu wanunue hadi baada ya isha.