Saluni ya Kirumba niliyoisifia mwenyewe, na kikoleo kilichofutwa kwenye dera

Naandika haya kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwa kimefungwa bandeji, kwa hiyo mkiona maneno yamekuwa makali mjue yanakotoka. Na kabla ya yote naomba radhi, maana saluni hii ni mimi niliyeisifia. Wenzangu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana mnakumbuka nilivyokuwa nikisema, nendeni pale Kirumba, mtatoka kama mabibi harusi. Watu kama saba walikwenda kwa mdomo wangu. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, ambaye ana sukari. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata hiki kidole.

Jina silitaji. Ni Kirumba, upande wa kuteremkia mwaloni, inatosha.

Tuanze na haki yao, nisije nikaambiwa nimekuja kuharibu biashara ya mtu. Kwa kusuka hawana mpinzani. Rasta nilizosukwa pale zilikaa mwezi na zaidi bila kuning'oa hata unywele mmoja wa kwenye paji, na wanaosukwa Mwanza hii wanajua hilo ni jambo la kushukuru. Feni inafanya kazi, wahudumu wanaamkia, mtoto wako anaweza kulala kwenye kochi na asifukuzwe. Ningeandika siku zile ningewapa nyota zote tano na ya sita ningeazima kwa jirani.

Sasa juzi juzi hapa, wiki chache zilizopita, mdogo wangu alikuwa na sherehe yake ya kuagwa. Jumamosi, joto lile la kwetu linalotoka kwenye mawe hata jua likijificha, ukumbi saa moja jioni. Mimi nikaenda mchana kuosha miguu na kupaka rangi. Nikakuta foleni, nikakaa kwenye benchi, macho yangu yakawa kwa binti anayeshughulika na miguu. Mbele yangu alikuwa dada mmoja, amelaza kichwa, anachezea simu. Binti anamkata nyama za pembeni ya kucha kwa kile kikoleo kidogo chenye midomo mikali. Akamgusa pabaya, yule dada akashtuka, damu ikachungulia kidogo. Pamba, basi. Kikoleo kikawekwa juu ya taulo.

Dada akalipa, akaondoka. Binti akasogeza kigoda kwangu, akaniloweka miguu, akasugua, vizuri tu. Kisha akanyoosha mkono kwenye lile taulo, akakichukua kikoleo kilekile, akakifuta kwenye dera lake, hapa pajani, mara mbili, akaniinamia.

Nikarudisha mguu. "Mdogo wangu, hicho si ndicho umemkatia yule dada sasa hivi?"

"Ndiyo mama, ila nimeshakifuta."

Nikakiomba nikione. Nikakifungua. Pale kwenye bawaba, midomo inapokutana, kulikuwa na ukoko mweupe wa ngozi za watu, umekauka kama ugali wa jana kwenye mwiko, na katikati ya ukoko mstari mwembamba wa rangi ya kutu. Sikutaka kujiuliza kama ni kutu kweli. Huo haukuwa uchafu wa mteja mmoja, wala wa siku moja.

Nikamwonyesha. Akaona aibu, nilimwona uso. Akakichukua, akakiingiza kwenye ile taa ya kukaushia rangi ya jeli, akabonyeza, ikahesabu sekunde 60, ikazima. Akakitoa. "Haya mama, kila kitu kimekufa."

Jamani. Taa ile imetengenezwa kugandisha jeli. Mwanga wake sio ule unaotumika kuua vijidudu. Hata yale maboksi maalumu yenye taa ya kuulia vijidudu, ukiweka kifaa chenye ukoko mwanga unaishia juu ya ukoko, na wanaoishi chini yake wanaendelea na maisha yao. Kifaa hakitakaswi kikiwa kichafu. Kwanza kinaoshwa.

Nikasema hivyo, tena kwa sauti ya chini, kwa heshima. Ndipo mwenye saluni akainua kichwa kule kwenye meza ya fedha. Hakusimama. Alisema, mbele ya wateja wote, "Mama, hapa wanakuja wake za wakubwa hawajawahi kuuliza maswali hayo. Kama unaogopa ungekuja na vyako."

Ungekuja na vyako. Wanawake wawili wakacheka. Nimelipa shilingi 15,000 ya huduma, halafu nije na vyangu. Basi nije pia na beseni, na maji niyateke ziwani nikipita? Hotelini naambiwa nije na sahani?

Na kosa langu ndilo hili, nalisema wazi kwa sababu najua wengi tunalifanya: sikuondoka. Mguu mmoja umeshasuguliwa, mwingine haujaguswa, sherehe ni jioni, watu wananitazama. Nikaona haya. Nikasema basi osha hicho kwa sabuni tuendelee. Akakipitisha kwenye maji ya beseni, maji yaleyale ya miguu yangu, akaendelea. Kwenye gumba akanikata. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimefura, chekundu, kinapigapiga usiku kama kina moyo wake. Ya tano usaha. Nimepasuliwa, nimepewa dawa za kumeza, nimechechemea mpaka kwenye vikao vya harusi yenyewe.

Mimi nimefanya kazi zahanati miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa chumba cha kuoshea vifaa. Kwa hiyo msiniambie ni ngumu. Mikono yangu inaijua kazi hii hata gizani. Unavaa glovu. Unafungua kifaa, unakisugua kwa sabuni, maji na mswaki mpaka kwenye bawaba. Unasuuza. Kisha unakiloweka dakika 10 kwenye maji ya jiki: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji. Chombo chochote kinafaa kupimia, mradi kiwe hichohicho. Unasuuza tena, maana jiki inakula chuma, ndiyo sababu hakilazwi humo usiku kucha. Unakausha, unakifunika. Maji hayo ya jiki yanachanganywa upya kila siku. Hospitali wanaongeza hatua ya mtungi wa mvuke, nyuzi 121, lakini simwambii mtu wa Kirumba anunue mtungi wa mvuke. Namwambia anunue mswaki. Na vikoleo viwe vitatu au vinne, ili kimoja kikiwa kimelowa kingine kinafanya kazi. Bei ya vyote hivyo haifiki bei ya ile taa ya duara wanayopigia picha wateja. Tupa za kucha za karatasi na vijiti vya mbao ndiyo kabisa, havioshwi vikatakata, ni vya mtu mmoja na kutupa. Pale nimeona tupa moja imelika katikati mpaka imebaki kadibodi.

Watu wakisikia habari za damu saluni wanawaza ukimwi. Virusi vya ukimwi ni dhaifu vikishatoka nje ya mwili. Waogopeni wa homa ya ini aina ya B, hao wanaweza kukaa kwenye tone lililokauka siku saba na bado wakaambukiza. Siku saba! Ile kutu ya kwenye bawaba mimi sijui ilikuwa ya lini. Mimi nilichanjwa sindano zote tatu kwa sababu ya kazi. Yule dada aliyekuwa anachezea simu je? Na yule binti, anayeshika miguu ya watu mchana kutwa bila glovu, vidole vyake vimechanikachanika kwa sabuni, nani amemchanja?

Kitu kinachoniuma zaidi, hapo mlango wa pili kuna kinyozi. Namwona kila nikipita. Mteja akishuka, kijana anapiga brashi mashine, nywele zote zinatoka, anaipaka spiriti, mteja mpya anatazama. Asipofanya, mwanaume anasimama anaondoka. Sisemi spiriti ya kufuta mara moja inamaliza kila kitu, haimalizi, lakini wanaume walishazoea kudai kwa hofu ya mapunye na mengineyo, na vinyozi wakazoea kufanya. Sisi tunaona haya kuuliza. Tunanyoosha miguu tunachezea simu.

Wana pia beseni la umeme, lile linalochemka mapovu na kuukanda mguu. Niliwahi kulisifia hapahapa. Sasa sikilizeni. Mwaka 2000 kule Marekani, mji wa Watsonville, jimbo la California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja waliota majipu miguuni yasiyosikia dawa haraka. Wachunguzi walipofungua chujio za yale mabeseni, nyuma yake walikuta nywele na mabaki ya ngozi yamejazana, na bakteria wamejenga humo. Waliokuwa wamenyoa miguu kwa wembe kabla ya kuingia ndio waliokuwa hatarini zaidi. Nikamuuliza binti, chujio la hili mnalifungua lini? Akanitazama kama nimemuuliza injini ya meli. Hakujua kama lina chujio.

Mama mkwe wangu alitumbukiza miguu humo. Mtu wa sukari, ambaye jeraha dogo tu linaweza kuwa miezi ya kwenda kliniki, ambaye nyayo zake hazisikii vizuri hata akikanyaga msumari. Nilimpeleka mimi, nikalipa mimi, nikampiga picha. Jioni ile niliporudi toka kupasuliwa nilimkalisha mlangoni penye mwanga, nikamkagua vidole kumi kimoja kimoja, katikati ya kila kidole, kwa tochi ya simu. Mzima, Mungu mkubwa. Hakukatwa popote.

Nikamweleza habari yote. Mayu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yule binti ni mtoto mzuri. Kwamba alimuuliza kabla ya kuanza, bibi una sukari? Na aliposikia ndiyo, hakumkata nyama hata kidogo, alimwosha kwa mkono tu, akamfuta katikati ya vidole mpaka pakakauka, akampaka mafuta. Alipiga magoti muda wote. Mayu anasema tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemshika miguu hivyo.

Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa. Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba saluni nzima haifai, watu wote pale ni wachafu, wafungiwe. Nimefuta. Binti anajua cha kufanya kwa mtu wa sukari, mtu fulani alimfundisha au aliona kwa mama yake. Asichokuwa nacho ni kikoleo cha pili. Ameajiriwa, analipwa kwa mguu, akisimama dakika 10 kuloweka anaambiwa wateja wanasubiri. Ningekuwa ukubwa wake, na tajiri wangu yuko nyuma yangu anahesabu noti, ningefuta kwenye dera? Sijui. Naogopa kusema ningekataa.

Lakini mwenye saluni simsamehei. Hapana. Nilidhani nimepoa, nikifika kwenye "ungekuja na vyako" napanda tena. Mtu umefungua biashara ya kukata ngozi za watu, halafu anayeuliza kuhusu usafi unamfanya kichekesho? Nyota moja, na hiyo ni ya ususi. Hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Juzi usiku simu ikaita, namba ngeni. Ni binti. Namba yangu aliitoa kwenye daftari la wateja, bosi hajui. Alianza kwa kulia. Nikamwambia kidole kinapona, asilie. Akauliza, mama yale maji ya jiki ni kiasi gani, niandikie. Nikamwandikia: kikombe kimoja, vikombe sita, dakika kumi, mswaki kwanza. Akasema atanunua chupa kwa hela yake mwenyewe. Nikamwambia asinunue yeye, amwambie tajiri. Akanyamaza. Kisha akasema, sawa mama, nitajaribu kumwambia, nikipata nitakupigia.

Mayu ananiuliza kila asubuhi tunarudi lini kuosha miguu. Nimemwambia tusubiri kwanza simu ya yule binti. Mpaka naandika hapa hajapiga.