I Love Lucy: Urembo Uliokubali Kuchafuka

Nimetazama vichekesho vingi vya zamani vya runinga ya Marekani, na sioni hata kimoja kinachostahili kuwekwa juu ya I Love Lucy, mfululizo ulioanza kurushwa na kituo cha CBS tarehe 15 Oktoba 1951 na kumalizika Mei 1957 baada ya sehemu 180 za nusu saa. Wengi huusifu kwa sababu unavunja mbavu, na ni kweli unazivunja. Mimi nausifu zaidi kwa jambo linalokizaa kicheko hicho: Lucille Ball alifika mbele ya kamera za runinga akiwa tayari amefundwa kuwa mrembo wa filamu, na urembo huo akaufanya kuwa kitu ambacho Lucy, mke wa nyumbani mwenye ndoto za jukwaani, anakitamani na kukipoteza kila wiki.

Mafunzo yake hayakuwa haba. Ball, mzaliwa wa Jamestown katika jimbo la New York, alianza kazi kama mwanamitindo, akaingia Hollywood mwaka 1933 akiwa mmoja wa wasichana waliopamba filamu za mtayarishaji Samuel Goldwyn, akapitia studio ya RKO, kisha MGM, ambako nywele zake zilitiwa wekundu ambao umekuwa alama yake hadi leo. Katika Du Barry Was a Lady, filamu ya rangi ya mwaka 1943, amepambwa kuanzia utosini hadi nyayoni, na mpigapicha wa filamu hiyo alikuwa Karl Freund, fundi aliyetokea katika sinema ya Ujerumani. Miaka minane baadaye Freund huyohuyo ndiye aliyesimamia upigaji picha wa I Love Lucy. Jicho lililojua namna ya kumfanya Ball ang'ae ndilo lililomrekodi akijaza chokoleti mdomoni, kifuani na kofiani pale mkanda wa kiwandani ulipomzidi kasi.

Uzuri wa ufundi huu unaonekana vyema kabisa katika sehemu iliyorushwa tarehe 5 Mei 1952, ambamo Lucy anajipatia nafasi ya kutangaza dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Vitameatavegamin. Hajui kwamba dawa hiyo ina kilevi cha asilimia 23, na kila mazoezi yanaporudiwa analazimika kumeza kijiko kingine. Tazama jinsi anavyoanza. Chupa ameishika vizuri, mgongo umenyooka, tabasamu ni lile la msichana wa matangazo ambaye kazi yake ni kukufanya ununue. Halafu kijiko cha kwanza kinaingia, na uso huo mzuri unapambana na ladha mbaya huku tabasamu likikataa kuondoka. Kuanzia hapo haanguki ghafla katika ulevi, kama ambavyo mchekeshaji wa kawaida angefanya. Anateremka hatua kwa hatua, jina la dawa likivurugika silabi moja baada ya nyingine, jicho likilegea, mkono ukikikosa kijiko, na bado anajitahidi kuonekana bibi mwenye heshima zake. Kinachochekesha ni juhudi hiyo ya kuulinda urembo unaoponyoka. Mtu asiyewahi kuumiliki asingejua ni kipi hasa kinachopotea, wala kinapotea kwa mpangilio gani.

Mfululizo unapohamia Hollywood katika msimu wa nne, suala la nyota wa filamu linajitokeza waziwazi, na hapa hukumu yangu inagawanyika. Sehemu ya Februari 1955 aliyoshiriki William Holden naiona kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za runinga. Lucy anamkodolea macho Holden katika mkahawa wa Brown Derby, naye Holden anaamua kumlipa kwa sarafu ileile: anageuka na kumtazama akila, mpaka tambi zinamshinda mwanamke wa watu na jirani yake Ethel analazimika kuzikata kwa mkasi. Baadaye Holden anapoletwa hotelini na Ricky, mume wa Lucy, Lucy anajificha nyuma ya pua ya bandia, na pua hiyo inashika moto anapowashiwa sigara. Anaizima kwa kuichovya katika kikombe cha kahawa. Holden anasifiwa kidogo mno kwa alichokifanya pale: anabaki mtanashati, mtulivu na mwenye adabu, na utulivu wake ndio unaoipa pua ile nafasi ya kuwaka. Mchekeshaji Harpo Marx, aliyekuja Mei mwaka huohuo na kurudia na Lucy mchezo wa kioo, ambamo mmoja anamwiga mwenzake kana kwamba ni taswira yake kiooni, kutoka filamu yake ya mwaka 1933, naye anastahili kila sifa. Wageni wengine kadhaa, kwa maoni yangu, waliletwa kwa ajili ya majina yao tu. Hadhira inawapigia makofi wanapoingia mlangoni, lakini hadithi inasimama kuwasubiri.

Ubora wa picha ni sababu nyingine ya kuupendekeza mfululizo huu kwa mtazamaji wa leo. Desi Arnaz, mume wa Ball katika maisha halisi na ndani ya hadithi, alisimamia uamuzi wa kurekodi kwa filamu ya milimita 35, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya hadhira iliyoketi studioni, wakati ambapo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja na kuhifadhiwa kwa nakala hafifu. Wanandoa hao walikubali kupunguziwa malipo ili kampuni yao ya Desilu ibaki na umiliki wa filamu hizo. Ndiyo maana picha ni safi hata sasa, na kicheko unachokisikia ni cha watu waliokuwapo. Naye Arnaz, ambaye CBS ilikuwa na wasiwasi kwamba watazamaji hawatamkubali Mkuba kuwa mume wa mwanamke huyu, ni mwigizaji bora kuliko anavyokumbukwa. Hasira yake inayohamia katika Kihispania ina mdundo wa mpiga ngoma aliyekuwa.

Zipo kasoro, nami siwezi kuzifumbia macho. Katika sehemu kadhaa Ricky anamlaza Lucy magotini na kumchapa kama mtoto, na hadhira inacheka. Mimi sicheki, na sioni kwamba umri wa kipindi unatosha kuliondolea jambo hilo ubaya wake. Vilevile utani juu ya lafudhi ya Ricky unarudiwa kupita kiasi. Vivian Vance na William Frawley, wanaoigiza majirani Ethel na Fred, kwa upande wao hawanichoshi kamwe, hasa Vance, ambaye husikiliza kwa uso wote.

Kwa anayetaka kuanza, namshauri asifuate mpangilio wa misimu. Aanze na Vitameatavegamin, aende kwenye kiwanda cha chokoleti cha Septemba 1952, kisha Holden, halafu sehemu ya Italia ya Aprili 1956, ambamo Lucy anakanyaga zabibu pipani akitumaini kupata nafasi katika filamu, anatoka amegeuka zambarau, na nafasi yenyewe anapewa Ethel. Vile vipindi 13 vya saa moja vilivyofuata hadi mwaka 1960 vimepoa, isipokuwa kile cha Desemba 1957 kilichomleta mwigizaji Tallulah Bankhead kuwa jirani mpya. Sauti yake nzito na madaha yake makubwa vinampa Ball kitu alichokikosa kwa wageni wengi, yaani mwanamke mwenye fahari kama yake aliye tayari kushindana naye bila kumwachia hata inchi moja ya jukwaa.