GPS ya mkononi kwa mtu wa mashua Lamu: nunua ipi, acha ipi

Kila kusi inapoanza kulegea, vijana hunijia barazani na swali lile lile. Juzi alikuja mmoja wa Shela na simu mpya mkononi, kioo chake bado kina karatasi ya dukani. "Ami, hii ina GPS?" Nikamwambia simu karibu zote siku hizi zinayo. La kujiuliza ni utaishika kwa mkono gani ukiwa kwenye usukani, na mkono huo utakuwa mkavu?

Haya nayaandika kwa mtu wa aina yangu. Nilikuwa na mashua ya mizigo, nikipeleka unga na saruji Faza na Kizingitini, na kichwani nilibeba mambo mawili: njia na madeni. Njia ni mafungu ya mchanga, miamba, na maji yatajaa saa ngapi. Madeni ni nani kachukua mifuko mingapi na kaahidi kulipa lini. Nikatamani kifaa kimoja kinibebee yote. Nilikipata, nikajuta, na kisa hicho kiko mwisho kwa sababu kifaa chenyewe ndicho cha mwisho katika orodha yangu.

Kwanza: GPS ya vitufe inayotumia mawe madogo

Kwa anayetoka nje ya mwamba, hii ndiyo ya kwanza, na inayofuata iko mbali nyuma. Nasema zile za kushika mkononi zenye kioo kidogo na vitufe pembeni, zinazotumia betri mbili za AA. Garmin eTrex 10 na nduguye 22x ni mifano yake. Mawe mawili mapya yanakupa saa ishirini na zaidi, na yakiisha unatoa mengine mawili mfukoni, safari inaendelea. Duka lolote la Faza linalouza sukari na kiberiti lina mawe hayo. Chaja ya simu, hata ukiipata, itataka umeme, na umeme nao una siku zake.

Halafu kuna jua. Simu hushindana nalo kwa kuongeza mwanga, na kila ikiongeza inamaliza chaji. Kioo cha GPS hizi kimetengenezwa kiakisi mwanga wa nje, kwa hiyo saa saba mchana, jua utosini, ndipo kinaposomeka vizuri. Usikubali kujaribishiwa ndani ya duka. Toka nacho mpaka gatini, kielekeze juani, vaa miwani yako kama unavaa, usome namba. Tena ndani ya vichochoro vyetu, kati ya kuta ndefu za mawe, setilaiti zinajificha na nyingine sauti yake inafika baada ya kugonga ukuta. Kifaa kinaweza kukuweka nyumba ya tatu kutoka uliposimama, nawe ukakilaumu bure. Mahali sahihi kinahitaji kuona setilaiti nne au zaidi, nazo ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu. Kipe anga.

Vitufe navyo havijali mkono wenye chumvi. Kioo cha kugusa kikirushiwa matone kinadhani kimeguswa na vidole kumi, ramani inakimbia huku na huku kama mbuzi aliyekatika kamba.

Kwenye boksi utaona IPX7. Maana yake kimejaribiwa ndani ya maji kina cha mita moja kwa nusu saa. Kuelea ni habari nyingine. eTrex ikikuponyoka inazama. Ukitaka inayoelea angalia GPSMAP 78 au 79s. Mimi hata hiyo ningeifunga kamba, maana kitu kinachoelea mbele ya Shela wakati wa bamvua hakikungoji ugeuze chombo.

Kasoro yake ni kwamba eTrex 10 karibu haina ramani ya maana. 22x ina nafasi ya kadi, unaweza kuongeza. Lakini ukweli ni kwamba wavuvi wengi hapa hawatafuti ramani. Wanatafuta alama: mwamba wa changu ulipo, wavu ulipozama, mlango wa kuingilia usiku. Zamani tulishika alama kwa kupanga mnazi huu na mnara ule, na ukungu ukija alama imekwenda. Kwa GPS unabonyeza, unaipa jina, kesho inakurudisha hapo kwa tofauti ya mita chache.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu nimeona watu wakipoteza mafuta kwa jambo hili kuliko kwa kifaa kibaya. Mwenzako anakuandikia kwenye karatasi 2 20 50. Je, ni digrii 2 na dakika 20.50, yaani dakika ishirini na nusu? Au ni digrii 2, dakika 20 na sekunde 50? Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1,852. Nusu dakika ni sekunde thelathini, si hamsini, kwa hiyo kati ya masomo hayo mawili kuna sekunde ishirini, zaidi ya mita 600. Utazunguka asubuhi nzima juu ya mchanga mtupu ukimlaani aliyekupa namba, na yeye hana kosa. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtindo mmoja, na ukiandika weka nukta yako wazi.

Na kama una ramani za zamani za karatasi za Kenya, tazama pembeni. Nyingi zimechorwa kwa kipimo cha Arc 1960, ilhali kifaa kinakuja kikiwa kwenye kipimo kingine, WGS 84. Tofauti yake kwetu ni kama mita 300. Nchi kavu utacheka tu, lakini kwenye mlango wa mwamba mita hizo ni mkuku uliopasuka.

Pili: simu uliyonayo, ikiandaliwa

Kwa anayezunguka ndani tu, Lamu, Manda, Mokowe, Matondoni, Kipungani, sioni haja ya kununua kitu kipya. Simu inatosha kwa masharti. GPS haihitaji mtandao wala bando. Kinachohitaji bando ni ramani, basi ipakue ukiwa mjini. Organic Maps na OsmAnd zinafanya kazi bila mtandao kabisa. Lakini ramani hizo ni za nchi kavu zaidi. Zinajua kichochoro na msikiti, hazijui fungu. Hata ramani ya bahari yenye kina, kumbuka namba zake zimeandikwa kwa maji ya kupwa, na mafungu yetu hayatulii: kusi inasukuma huku, kaskazi inarudisha kule.

Washa GPS kabla ya kung'oa nanga. Bila mtandao simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua mara ya kwanza, kwa sababu inangoja kusomewa habari na setilaiti zenyewe badala ya kuzivuta mtandaoni. Watu wengi huifungua wakiwa tayari wamepotea, wakaona duara linazunguka, wakatangaza simu mbovu. Ukishatoka, iweke hali ya ndege. Itaacha kutafuta minara isiyokuwepo, na chaji itadumu sana.

Ukinunua simu ya bei ya chini kwa kazi hii, uliza kama ina dira ndani yake. Zisizo nayo zinajua ulipo lakini hazijui umeelekea wapi mpaka chombo kitembee. Na yule anayekuambia simu ina IP68 kwa hiyo haiogopi bahari, mwulize imejaribiwa kwa maji gani. Majaribio yale ni ya maji baridi, yasiyo na chumvi. Chumvi inakula tundu la chaji polepole, utaligundua baada ya miezi. Mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni ni wa pesa kidogo na unafaa kuliko maneno ya boksi.

Upande wa daftari, simu haina mpinzani: madeni, tarehe, picha ya risiti, sauti ya mteja akiahidi. Ndiyo maana napenda ikae kavu ndani ya mfuko, ikitunza hesabu, na kifaa cha vitufe kikae mkononi kikitafuta njia. Hesabu na njia zikikaa kwenye betri moja, siku ya kuzimika unapotea mara mbili.

Tatu: ya kufungwa kwenye boti

Mwenye boti ya faiba yenye mashine na betri ya volti 12 anaweza kufunga kipimakina chenye GPS kama Garmin Striker 4. Kinakuonyesha chini kuna nini na kinahifadhi alama, ila hakina ramani. Kwa mvuvi ni kizuri mno. Nakiweka cha tatu kwa sababu hakikufuati nyumbani, na boti ikilala ufukweni nacho kinalala nje na wenye mikono mirefu. Saa za mkononi zenye GPS nazipita. Ni za wakimbiaji.

Mwisho: kile kidaftari cha elektroniki chenye setilaiti

Bado vinazunguka, vya mkono wa pili, kwenye makabati ya mafundi na kwenye masanduku ya ndugu wanaorudi kutoka ng'ambo. Mwaka 2003 Garmin walitoa iQue 3600, kidaftari cha mfumo wa Palm chenye antena ya kufunua nyuma na kalamu ya kugusia kioo, kwa zaidi ya dola 500. Kilikuwa jambo la ajabu: unabonyeza jina la mtu kwenye orodha ya anwani, kinakuelekeza kwake. Mtu ukimwonyesha leo bado macho yanamtoka. Mimi mwenyewe nikikiona kwa fundi nasimama.

Usinunue. Ramani zake ni za zama zake. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na ramani ya kabla ya hapo haina habari nalo. Pili, GPS huhesabu wiki, na hesabu ikifika 1,024 inaanza upya sifuri. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho hakijafanyiwa marekebisho kinaweza kurudi nyuma miaka kumi na tisa na miezi. Mahali kitakuonyesha sawa, lakini tarehe itakuwa ya uongo. Sasa kidaftari kisichojua tarehe utakifanyia nini?

La tatu ndilo lililonipata. Vingi vya zama hizo vilitunza kila ulichoandika kwenye kumbukumbu inayoishi kwa chaji. Chaji ikiisha kabisa, yote yanakwenda. Changu hakikuwa hicho cha Garmin, kilikuwa cha wengine ambao sina haja ya kuwataja. Kusi moja nililala Kizingitini siku nne nikingoja bahari itulie, nacho kikalala ndani ya mkoba. Nilipokichomeka Lamu kiliwaka kizuri, kisafi, kama kimetoka dukani, kikaniuliza nataka lugha gani.

Alama zote za miamba, zimekwenda. Majina ya wateja, yamekwenda. Na mifuko thelathini na saba ya saruji niliyokuwa nikidai watu watatu, hiyo namba ya jumla tu ndiyo iliyobaki kichwani. Wawili walikuja wenyewe kunikumbusha deni lao, Mungu awabariki. Wa tatu, tangu siku ile, ananisalimia kwa heshima kubwa kuliko zamani.